Mzigo wa Intaneti Umo Mkononi Mwako: Mwongozo wa Kuupunguza Nyumbani na Dukani

Natengeneza simu hapa Nakuru, na upande mmoja wa duka ni saiba yenye kompyuta nne. Haipiti wiki kabla mtu hajaketi kwenye benchi akaniuliza kama ni kweli intaneti inachafua mazingira. Mwingine amesikia redioni, mwingine mtoto wake ameletewa swali hilo shuleni. Wengi wameshaambiwa dawa yake ni kufuta barua pepe za zamani. Huwa nawaomba waiache hiyo kwanza, maana mzigo wenyewe hauko huko, na ukianza na kisichosaidia utachoka kabla hujafika kwenye kinachosaidia.

Kitu kinachotuficha mambo ni kwamba intaneti haina moshi unaouona. Ukweli ni kwamba ina majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yanayofanya kazi usiku na mchana na kupozwa kila saa. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa mwaka 2024 vituo hivyo vya data vilitumia terawati-saa 415 hivi duniani kote. Kwa lugha ya tokeni za stima, hizo ni uniti bilioni 415, kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Kenya nzima, viwanda na majumba pamoja, huhitaji uniti bilioni 14 hivi kwa mwaka, ukihesabu na zinazopotea njiani. Kwa hiyo vituo vya data vinakula kama Kenya 30, na shirika hilo hilo linaona vitafika uniti bilioni 945 kufikia 2030.

Vituo hivyo wewe na mimi hatuna ufunguo wake. Tulicho nacho ni simu, rauta, runinga, na lile boksi la chaja na betri mbovu lililo chini ya kitanda.

Na kuna jambo moja la kwetu ambalo watu hulisahau. Stima yetu ni safi kuliko ya nchi nyingi. Ukipita Naivasha ukashika njia ya Olkaria, mvuke unauona kabla hujauona mtambo. Hapa juu ya mji Menengai nayo imeanza kutoa umeme. Ukishuka kuelekea ziwani kuna maji ya Sondu-Miriu, na kule Pokot kuna Turkwel. Umeme mwingi wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hiyo kuchaji simu Nakuru au Kakamega hakuchafui hewa sana. Kilichochafua ni kuitengeneza hiyo simu. Mgodi uliotoa kobalti, ambayo nyingi duniani inatoka Kongo, kiwanda cha Asia kilichowashwa kwa makaa ya mawe, na safari ya kuifikisha hapa, vyote vilimaliza kazi yao kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha. Ndiyo maana mwongozo huu unaitanguliza simu, na bando la data linakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: soma maandishi madogo kwenye chaja

Kabla hujapunguza chochote, jua nini kinakula. Chukua kalamu na karatasi, zunguka nyumba nzima, na kila kitu kinachohusika na intaneti kigeuze usome mgongoni. Utaona mstari unaosema V na A; kwenye chaja na adapta ni ule wa OUTPUT. Zidisha namba hizo mbili upate wati. Adapta ya rauta yenye 12V na 1A ni wati 12. Hicho ni kikomo, matumizi ya kawaida huwa chini yake, kwa hiyo chukua thuluthi mbili, wati 8.

Sasa zidisha wati kwa saa inazokaa imewashwa kwa siku, halafu kwa 365, ugawe kwa 1,000. Hizo ndizo uniti za mwaka.

Tuanze na simu. Betri ya miliampea 5,000 inabeba wati-saa 19 hivi. Chaja hupoteza kidogo njiani, tuseme wati-saa 25 kila ukiijaza. Ukiijaza kila siku, mwaka mzima ni uniti 9. Hata ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, ni shilingi 270 kwa mwaka.

Rauta ya wati 8 haizimwi. Saa 24 kwa siku 365 ni uniti 70. Imekula karibu mara nane ya simu, na watu wa nyumba hiyo wanagombezana kwa kuchaji.

Runinga ya wati 70, ikiangaliwa saa nne kwa siku, ni uniti 102.

Nimefanya hesabu hii na wateja kadhaa mezani pangu, na karibu kila mmoja hushangazwa na rauta, kwa kuwa wengi walidhani simu ndiyo mwizi. Fanya yako, maana namba za nyumba yako ndizo zitakazokwambia pa kuanzia.

Hatua ya pili: iongezee simu yako miaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Simu ya kisasa, tangu mgodini hadi inapotupwa, huacha gesi chafu yenye uzito wa kati ya kilo 50 na 80. Apple, katika ripoti za mazingira za simu zake, huonyesha kwamba kama asilimia 80 ya uzito huo hutokana na kuitengeneza. Chukua kilo 60 kwa hesabu rahisi. Ukiitumia simu miaka miwili, kila mwaka umebeba kilo 30. Ukiitumia minne, ni kilo 15. Hujazima kitu, hujajinyima video hata moja, na umepunguza nusu.

Swali basi ni kwa nini watu hununua simu mpya. Kwenye meza yangu sababu ni nne tu: haichaji, haikai na chaji, imepasuka kioo, au imekuwa nzito. Zote zina dawa.

*Haichaji.* Wazee hapa husema jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na mimi kwa kazi yangu sina sababu ya kuwapinga. Mwezi wa pili, upepo ukivuma, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Linaingia pia kwenye mdomo wa chaja, linakutana na manyoya ya mfuko wa suruali au ya aproni, linashindiliwa kila ukichomeka waya, mwisho linakuwa kama kipande cha kitambaa.

Mama mmoja anayeuza sukuma Wakulima aliniletea simu yake mwaka jana. Alikuwa ameshazungumza na vijana wa kuuza simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, na alitaka tu nimtolee picha za wajukuu.

"Fundi, hii imekufa kabisa. Nitolee picha niende."

"Mama, hebu niione kwanza."

Niliizima, nikaishika chini ya taa na kioo cha kukuza. Ndani ya mdomo wa chaja hakukuonekana chuma hata kidogo, kulikuwa na kijivu kitupu. Nilichukua kijiti cha meno cha mbao, nikakichonga kiwe chembamba, nikaanza kutoa pembeni, polepole, bila kugusa ule ulimi wa katikati. Kilitoka kibonge kimoja kama punje ya mchele, kisha kingine. Nikapuliza kwa pampu ndogo ya mpira, nikachomeka chaja. Alama ya radi ikawaka. Mama aliitazama ile taka kwenye karatasi nyeupe muda mrefu kuliko alivyoitazama simu.

Hivyo ndivyo ufanye nyumbani: simu ikiwa imezimwa, kijiti cha mbao au cha plastiki. Usitumie sindano wala pini, chuma kinaweza kuunganisha nyaya za ndani na kuchoma kila kitu. Usipulize kwa mdomo pia, maana mate yana maji. Ukiona waya wa chaja unaingia nusu au unalegea ovyo, dalili ni uchafu kabla haijawa ubovu.

*Haikai na chaji.* Betri huzeeka. Baada ya kujazwa kutoka sufuri hadi mia mara 500 hadi 800 hivi, hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake. Hiyo ni miaka miwili ya kawaida, na ndiyo sababu watu hudhani simu imeisha muda wake. Kilichoisha ni betri peke yake. Kuibadilisha ni sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Ukienda kwa fundi, mwambie akuonyeshe betri kabla hajaifunga, na mlinganishe pamoja namba iliyo juu yake na ile ya betri inayotoka. Iguse: isiwe na tumbo. Fundi mzuri atapasha joto mgongo wa simu polepole, atafungua kwa kadi ya plastiki, na atatoa betri kwa kuivuta gundi yake au kuilainisha kwa spiriti. Ukimwona anaichokonoa kwa bisibisi, mchukulie simu yako uende. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka.

Ili mpya idumu, ioneshe huruma ya joto. Joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine chochote, na hili nawaambia zaidi ndugu zetu wa Kisumu, ambako mchana wa Januari simu huchoma mkono. Usiichaji ikiwa chini ya mto au juu ya dirisha lenye jua. Mwenye boda, simu ya ramani kwenye usukani inapikwa na jua na chaja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ifunike kivuli, au chomoa chaja ikifika 80. Kwa matumizi ya kawaida, kuiweka kati ya asilimia 20 na 80 huiongezea betri muda mrefu. Simu nyingi za sasa zina kitufe cha kuikomesha chaji kwenye 80 au 85, utakikuta kwenye mipangilio ya betri.

*Kioo.* Nunua kava na kioo cha kujikinga siku ile ile unayonunua simu. Sina la kuongeza.

*Imekuwa nzito.* Nikifungua mipangilio na kuangalia nafasi, mara nyingi naona hifadhi imejaa mpaka pomoni, na sehemu kubwa ni picha na video za WhatsApp: asubuhi njema zenye maua, video ile ile ya mahubiri iliyotumwa na makundi sita, risiti za harambee za mwaka juzi. Simu iliyojaa hivyo haina pa kupumulia. Fungua WhatsApp, nenda mipangilio, kwenye hifadhi na data, uingie pale pa kudhibiti hifadhi. Itakupangia kuanzia kubwa kabisa na zile zilizosambazwa mara nyingi. Futa. Kisha rudi kwenye ukurasa wa hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, video na faili, kwa data na kwa waifai. Baada ya hapo utagusa unachotaka kuona tu.

Angalia vizuri sababu ya kufanya hivi. Umeme utakaookolewa kule kwenye vituo vya data kwa kufuta maua ya asubuhi ni kidogo mno. Unachookoa ni simu yako isikusukume kununua nyingine.

Kuna wakati simu inafika mwisho kwa haki. Kampuni iliyoiunda huacha kuiletea masasisho ya usalama, na programu za benki zikaanza kukataa. Hapo usiitumie tena kwa pesa. Bado inaweza kuwa redio ya jikoni, ramani ya gari, au simu ya mtoto ya kusomea. Na kama lazima ununue, simu ya mtumba iliyo imara imeshalipa deni lake la kiwandani kwa mwenyewe wa kwanza. Angalia tu miaka ya masasisho iliyobaki, na uibadilishe betri mara moja. Kama mzazi kijijini anahitaji kupiga na kutuma pesa peke yake, kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, inamtosha, na betri yake inakaa siku nne.

Hatua ya tatu: rauta na skrini kubwa

Rauta izime mkilala. Kutoka saa tano usiku hadi saa kumi na moja asubuhi, saa sita, ukiwa na rauta ya wati 8 ni uniti 17 na nusu kwa mwaka. Zinatosha kuchaji simu mbili kila siku kwa karibu mwaka mzima. Nunua soketi yenye swichi, uiweke mahali ambapo mtu wa mwisho kulala anapita. Kama una kamera za ulinzi zinazotegemea waifai, basi iache, usalama kwanza.

King'amuzi nacho, ukikizima kwa rimoti, hakijalala. Kile kitaa chekundu maana yake kimekaa macho. Kizime ukutani.

Kuhusu skrini, fuata kanuni moja: angalia kwenye skrini ndogo kabisa inayotosha. Shirika la Kimataifa la Nishati limeonyesha kuwa runinga ya inchi 50 hutumia umeme mara 100 hivi ya simu na mara tano hivi ya laptopu. Familia ya watu sita ikikaa pamoja kutazama mechi, runinga inafaa, tena ni bora kuliko kila mmoja kujifungia na yake. Runinga inayoimba peke yake sebuleni huku watu wako jikoni, hiyo ndiyo ya kuzima.

Hatua ya nne: video, na muziki wa kinyozi

Zaidi ya nusu ya data yote inayopita kwenye intaneti ni video. Tofauti ya kiwango cha picha ni kubwa sana. Netflix yenyewe inaeleza kuwa kiwango cha chini hutumia gigabaiti 0.3 kwa saa, cha juu hadi 3, na kile cha 4K hadi 7. Kwenye skrini ya inchi sita, ukiweka kiwango cha 480, jicho lako halitalalamika. YouTube ina mahali pa kuchagua kiwango kwa data na kingine kwa waifai: weka cha kuokoa data kwa data, na cha kujipangia chenyewe (Auto) kwa waifai.

Lakini lazima niseme kweli hapa, kwa sababu nimesoma mengi yanayotisha watu bure. Mlingoti wa simu hauzimwi kwa sababu wewe umeacha kutazama video. Unakula umeme mwingi hata usiku usio na mtu. Ukipunguza kwako, faida ya papo hapo ni ndogo. Inayokuja polepole ndiyo kubwa: mahitaji yakipanda, kampuni huongeza mitambo, na kule ambako laini ya stima haijafika au haiaminiki, mitambo hiyo hutegemea sola, betri na jenereta za dizeli. Pia gigabaiti moja ikipita kwenye faiba hutumia umeme mdogo kuliko ikipita kwenye mlingoti. Kwa hiyo mambo mazito, kama masasisho, filamu na kuhifadhi nakala za picha, yasubirie waifai ya faiba.

Palipo na upotevu wa wazi ni muziki. Ingia kinyozi chochote Kondele kule Kisumu au Bondeni hapa Nakuru, utakuta YouTube inacheza miksi tangu asubuhi, picha zinaonekana kwenye runinga ambayo hakuna anayeitazama, miksi ile ile ya jana na juzi. Pakua mara moja kwa njia halali, weka kwenye flashi au kwenye simu ya zamani iliyounganishwa na spika. Saluni, duka la nguo, matatu yenye skrini, ni hivyo hivyo. Matumizi ya bando yatapungua, na runinga itazimika. Hili nimewashawishi majirani wangu wawili wa mtaa huu, na mmoja alikuja kunishukuru kwa sababu ya bili, mazingira akayataja baadaye.

Na barua pepe? Futa ukitaka sanduku liwe safi, lakini usihesabu hilo kama kazi ya mazingira.

Wengi sasa huuliza pia kuhusu akili unde, hizi programu za kuuliza maswali. Agosti 2025 Google ilisema swali la kawaida la maandishi kwa Gemini hutumia wati-saa 0.24. Maswali 80 hivyo ni kama betri moja ya simu. Kuuliza si tatizo. Kutengeneza video kwa akili unde ni kazi nzito zaidi, na hiyo iache mpaka uwe na sababu.

Hatua ya tano: saa ya kuchaji

Hii ni fupi. Kati ya saa moja na saa nne usiku nchi nzima inapika, inapasi, inatazama habari. Hapo ndipo laini ya magharibi inapochoka, taa za Kakamega na Busia zikafifia, na ndipo mitambo inayochoma mafuta huitwa kusaidia. Vitu vyenye betri, yaani simu, laptopu, pawabanki na taa za kuchaji, vyote vinaweza kungoja. Vichaji mchana au baada ya saa nne. Mwenye sola, saa sita mchana ndiyo saa yako. Kibanda cha kuchajia simu sokoni kikiwa na sola badala ya jenereta, mpe mwenye kibanda hicho pesa yako.

Hatua ya sita: boksi lililo chini ya kitanda

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu ambazo kuna kumbukumbu kwamba zilikusanywa na kurejelewa ipasavyo. Zilizobaki ziko kwenye madroo, mitaroni na majaani.

Hapa Nakuru jaa letu ni Gioto, juu ya mji, kwenye mteremko wa Menengai. Maji ya mvua ya mji huu hushuka kuelekea Ziwa Nakuru, ziwa ambalo mwaka 1990 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Kwa hiyo mtu akitupa betri kwenye pipa la nyumbani, asidhani ameitupa mbali. Kisumu nao wanaijua habari hii kwa miaka ya jaa lao la Kachok. Na nyaya zikifika jaani, mara nyingi huchomwa ili shaba ibaki. Plastiki ya PVC ikichomwa hivyo hutoa daioksini, sumu inayokaa mwilini miaka, na anayeivuta kwanza ni yule kijana aliyeshika kijiti cha kuchochea moto.

Nilijifunza ubaya wa betri kwa njia ngumu. Nilikuwa naziweka mbovu zote kwenye katoni chini ya meza, ovyo ovyo, pamoja na skrubu na vipande vya bati. Siku moja nikisogeza katoni kwa mguu, nilisikia sauti kama mafuta yanayoanza kukaanga, kisha moshi mweupe wenye harufu tamu ya kukera. Niliikokota ile katoni hadi nje kwenye mchanga. Betri moja ilikuwa imetobolewa na skrubu. Ingekuwa usiku, duka lisingekuwepo. Tangu siku hiyo nafanya hivi:

Kila betri inayotoka naifunga seloteipu kwenye midomo yake, vile vyuma vidogo vya kupitishia umeme. Naiweka kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, kila moja na nafasi yake. Iliyovimba inakaa peke yake, kwenye kopo la bati, nje ya nyumba, mahali pasipo na jua. Sitoboi betri ili "itoe hewa," na nakuomba usimruhusu mtu yeyote akufanyie hivyo.

Wewe nyumbani unahitaji makopo mawili: moja la betri, lingine la chaja, nyaya na simu zenyewe. Kabla simu haijaingia humo, ondoa laini na kadi ya kumbukumbu, toka kwenye akaunti ya Google, kisha rudisha simu ilivyotoka kiwandani. Simu isiyowaka hata kidogo mpe fundi unayemwamini atoe kinachotoka kwanza. Kioo chake, spika yake, kamera yake, vyaweza kufufua simu nyingine mbili, na hiyo ni bora kuliko kuyeyushwa.

Kisha tafuta wa kukusanya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka wanaotengeneza na kuingiza bidhaa nchini wawajibike mpaka zinapokuwa taka, kwa hiyo uliza dukani uliponunua kama wanapokea za zamani, na uulize tena mwezi ujao. Nairobi kuna WEEE Centre, iliyochipuka kutoka kwa mradi wa Computers for Schools Kenya, inayobomoa vifaa hivi kwa utaratibu. Yeyote mwingine atakayekuja na gari mtaani akisema anarejeleza, muulize leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla hujampa chochote. Mnunuzi wa vyuma kuukuu mwuzie sufuria na mabati, betri za lithiamu usimpe, mizani yake haina mahali pa kuzipeleka.

Mtu mmoja hana mzigo wa kutosha kumtoa mkusanyaji Nairobi. Chama kinao, kanisa linao, shule inayo. Hapa mtaani tuliungana maduka sita ya simu na saiba tatu, tukatenga pembe moja kwenye duka lenye sakafu ya saruji. Kabla ya kupiga simu tunahesabu: simu ngapi, chaja kilo ngapi, betri ngapi, zilizovimba ngapi. Zilizovimba tunazitaja mapema, kwa sababu haziwezi kupanda matatu wala kutumwa kama kifurushi cha basi, lazima mwenye gari aje na chombo chake. Siku ya kupakia, mmoja anasoma orodha, mwingine anaweka alama ya vema, na hatufungi mlango wa gari kabla hatujapewa karatasi yenye uzito na sahihi.